Mashine zafunzwa kubana video upesi, je, mwenye bando dogo atanufaika?

KILA mtu aliyewahi kununua bando la data kwa shilingi chache anaifahamu karaha hii: video ya dakika kumi haijafika katikati, na tayari ujumbe umeingia katika simu kwamba data imekwisha. Wengi huilaumu kampuni ya simu. Ni wachache wanaojiuliza jinsi video yenyewe ilivyofungashwa kabla ya kuanza safari ya kuwafikia.

Ilhali hapo ndipo penye siri kubwa. Video mbili zenye urefu sawa na zinazopendeza macho kwa kiasi sawa zaweza kutofautiana mno kwa uzito, kutegemea ufundi uliotumika kuzibana. Ufundi wa hali ya juu upo tayari. Kinachokosekana aghalabu ni muda. Kubana video vizuri ni kibarua kinachoilemea hata mitambo ya kampuni tajiri zaidi duniani, na kwa sababu hiyo kampuni hizo hulazimika kuchagua video zinazostahili jasho hilo na zile zitakazobanwa kwa njia ya mkato.

Katika miaka ya karibuni, wataalamu wamegeukia tawi la akili bandia liitwalo ujifunzaji wa mashine ili kupunguza kibarua hicho. Ni kazi isiyopigiwa debe sana, kwa kuwa mashine hizo haziandiki mashairi wala kuchora picha. Hata hivyo, huenda ikamgusa mtumiaji wa kawaida wa simu kuliko nyingi za zile zinazozungumziwa kila siku.

Mzigo usiobebeka

Ili kuelewa tatizo, ni muhimu kwanza kufahamu uzito wa video ambayo haijabanwa. Picha moja ya video ya ubora wa juu unaotumika sana huundwa kwa vitone vya rangi, yaani pikseli, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Hizo ni zaidi ya pikseli milioni mbili. Kila pikseli ikiandikwa kwa baiti tatu, picha hiyo moja itakuwa na uzito wa zaidi ya megabaiti 6.

Video nayo ni picha nyingi zinazofuatana kwa kasi. Zikiwa picha 25 kwa kila sekunde, basi sekunde moja itakuwa na megabaiti 155, dakika moja itapita gigabaiti 9, na filamu ya saa moja itafikia gigabaiti 560 hivi. Hakuna bando linaloweza kuhimili mzigo huo, na simu nyingi hazina hata nafasi ya kuuhifadhi.

Kinachookoa hali ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo ni marudio. Msomaji wa habari katika runinga huketi mahali pamoja. Kati ya picha moja na inayofuata, kinachobadilika ni midomo, macho na labda mkono. Ukuta ulio nyuma yake ni ule ule. Programu ya kubana haiuandiki ukuta huo upya mara 25 kwa sekunde. Huuandika mara moja, kisha hutoa maagizo mafupi kwamba sehemu hii ibaki ilivyokuwa na sehemu ile isogezwe kidogo upande wa kushoto.

Ndani ya picha moja pia mna marudio. Anga lisilo na mawingu ni rangi moja iliyotanda, na kipande chake kimoja chatosha kukisia kilicho jirani. Fauka ya hayo, jicho la binadamu halizioni tofauti ndogo ndogo katika sehemu zenye michoro mingi, kwa hivyo baadhi ya maelezo yaweza kutupwa bila mtazamaji kung'amua. Msingi wa kihisabati wa mbinu hiyo ya kutupa uliwekwa wazi mwaka wa 1974 katika makala ya Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Marekani, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Hadi leo, viwango vikuu vya kubana video vingali vinategemea hisabati ya jamii hiyo.

Wakenya walionja matunda ya ufundi huu walipohamia runinga ya dijitali, uhamisho uliokamilika mwaka wa 2015. Masafa yaliyokuwa yakibeba kituo kimoja cha analogia yaliweza kubeba vituo kadhaa, kwa sababu picha zilikuwa zimebanwa. Kazi ya king'amuzi ni kuzikunjua tena.

Kadiri ubanaji unavyoimarika, ndivyo kazi inavyozidi

Viwango vya kubana video vimekuwa vikifuatana kizazi baada ya kizazi. H.264, ambacho kingali kinatumika kwa wingi, kiliidhinishwa mwaka wa 2003. H.265 kikafuata mwaka wa 2013, na H.266 mwaka wa 2020, kila kimoja kikilenga kupunguza uzito wa kilichokitangulia kwa takriban nusu bila kushusha ubora. Kando yao kuna AV1 cha mwaka wa 2018, kilichobuniwa na muungano uitwao Alliance for Open Media, wenye wanachama kama vile Google, Netflix, Amazon na Mozilla, kwa nia ya kuwa na kiwango kisichotozwa ada.

Lakini maendeleo hayo hayakuja bure. Kila kizazi kipya hupunguza uzito kwa kuipa programu njia nyingi zaidi za kuichora picha ile ile, na wingi wa njia ni wingi wa kazi, maadamu lazima programu itafute iliyo bora.

Mfano mzuri ni jinsi H.265 kinavyoigawa picha. Kwanza huikata katika miraba mikubwa yenye pikseli 64 kila upande. Kila mraba waweza kuachwa mzima au kukatwa minne. Kila kimoja cha vipande hivyo vinne chaweza kuachwa au kukatwa tena, hadi kufikia miraba midogo ya pikseli nane kila upande. Anga huachwa katika miraba mikubwa kwa kuwa maelezo yake ni machache. Uso wa mtu hukatwa vipande vidogo ili macho na midomo ichorwe kwa makini. Kukata kupita kiasi huongeza uzito, na kutokata huharibu picha.

Je, kuna njia ngapi za kuukata mraba mmoja tu kwa utaratibu huo? Hesabu yaonyesha ni 83,522.

Programu haizijaribu zote moja baada ya nyingine. Hutumia hila ya kuamua kuanzia vipande vidogo kupanda juu, na hivyo hubakiwa na miraba 85 ya kupima, mikubwa kwa midogo. Hata hivyo, picha moja ya ubora uliotajwa ina miraba mikubwa 510, na sekunde moja yenye picha 25 ina miraba hiyo 12,750. Ukizidisha kwa 85, utapata vipimo zaidi ya milioni moja kwa kila sekunde ya video. Katika kila kipimo, programu yaweza kulinganisha hadi njia 35 za kukisia pikseli kutokana na majirani zake, kabla hata ya kutafuta kipande hicho kilikuwa wapi katika picha zilizopita.

Mara tu jibu linapopatikana, majaribio mengine yote hutupwa. Ndiyo maana kubana dakika moja ya video kwa makini kwaweza kuchukua saa nyingi.

Jicho la fundi

Fundi cherehani anayeanza kazi hupima kila kitu kwa utepe: kifua, kiuno, mabega, mikono. Fundi aliyeshona kwa miaka thelathini humtazama mteja akiingia mlangoni na tayari anajua kitambaa kitakachohitajika. Si kwamba anabahatisha. Amepima wengi, na vipimo vile vyote vimekuwa ujuzi katika macho yake.

Ujifunzaji wa mashine hufanya jambo linalofanana na hilo. Badala ya mtaalamu kuiandikia tarakilishi sheria za jinsi ya kukata miraba, tarakilishi huonyeshwa mifano maelfu kwa maelfu iliyokwisha kukatwa kwa njia ndefu ya kupima kila kitu. Kila mfano una sehemu mbili, yaani mraba wa picha na jibu sahihi. Mtandao wa nyuroni bandia, ambao kwa hakika ni msururu wa hesabu zenye namba zinazoweza kurekebishwa, hutoa jibu lake. Likikosea, namba hizo husogezwa kidogo. Zoezi hilo hurudiwa hadi majibu ya mtandao yakaribiane na yale ya njia ndefu.

Mwaka wa 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Beihang jijini Beijing, Uchina, wakiwemo Mai Xu na Tianyi Li, walichapisha matokeo ya utafiti wa aina hiyo uliohusu H.265. Ili kuufunza mtandao wao kuhusu picha tuli, walikusanya picha 2,000 na kuzibana kwa njia ndefu katika viwango tofauti vya ubora, kisha wakayaweka majibu yote katika hazina moja ya mafunzo.

Mtandao huo hautoi jibu kwa kila mraba mdogo peke yake. Huutazama mraba mkubwa na kutabiri kwa mara moja jinsi utakavyogawanywa wote, ngazi kwa ngazi. Pale unapotabiri kwamba mraba mkubwa utaachwa mzima, vipimo vya vipande vidogo vilivyo ndani yake havifanywi kabisa. Kwa video zenye mwendo, watafiti hao waliongeza sehemu yenye kumbukumbu, kwa kuwa picha moja ikigawanywa kwa namna fulani, inayofuata aghalabu hugawanywa kwa namna inayokaribiana nayo.

Muda wa kubana picha tuli ulipungua kwa zaidi ya nusu, na ule wa video zenye mwendo ukapungua kwa takriban nusu. Hasara ilikuwa ongezeko dogo la uzito, la karibu asilimia mbili, ikilinganishwa na iwapo kazi yote ingefanywa kwa njia ndefu.

Kosa lisiloharibu picha

Msomaji anaweza kuuliza: je, mashine ikitabiri vibaya, mtazamaji ataona picha iliyovunjika? La. Hapo ndipo ilipo hekima ya kuitumia akili bandia katika hatua hii.

Viwango kama H.265 na AV1 havimwamrishi mtu namna ya kutafuta mpangilio bora. Vinaeleza tu lugha ambayo maagizo yataandikwa, ili kila simu na kila runinga iweze kuyasoma na kuikunjua picha. Anayebana ana uhuru wa kutumia njia yoyote, mradi aandike katika lugha hiyo. Mashine ikikata mraba mahali pasipofaa, maagizo yatakuwa marefu kidogo kuliko ilivyohitajika, au kipande hicho kitapoteza ung'avu kidogo, lakini yatasomeka vilevile. Simu inayopokea haina haja ya kuwa na akili bandia yoyote, wala mwenyewe hahitaji kununua nyingine.

Katika matumizi mengine ya akili bandia, kosa moja laweza kumpotosha mtu au kumdhuru. Hapa kosa hulipwa kwa baiti chache.

Aidha, baadhi ya mifumo hupewa unyenyekevu. Mtandao ukiwa na hakika ya jibu lake, njia ndefu hurukwa. Ukiwa na shaka, kazi hurejeshwa kwa utaratibu wa kawaida wa kupima, kama fundi anayeutoa utepe mfukoni akikutana na mteja mwenye umbo asilolizoea.

Zaidi ya maabara

Mbinu hizi zimekwisha kutoka katika makala za vyuo vikuu. AV1 kilipotoka mwaka wa 2018, malalamiko makubwa yalikuwa kwamba programu yake ya kubana ilikuwa ya pole kupindukia. Haikushangaza, kwa kuwa kiwango hicho kinaruhusu mraba wa pikseli 128 kila upande, na kuna hadi njia kumi za kuukata katika ngazi moja, wala si mbili kama ilivyo katika mfano wa H.265. Tangu wakati huo, waundaji wa programu hiyo, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, wameingiza ndani yake mitandao midogo ya nyuroni inayoamua ni njia zipi zisijaribiwe.

Udogo wa mitandao hiyo ni wa makusudi. Mtandao mkubwa wenye akili nyingi ungeweza kutabiri vyema zaidi, lakini hesabu zake zenyewe zingekula muda ule ule uliokusudiwa kuokolewa.

Kampuni ya DeepMind ya London, iliyo chini ya Google, ilifuata njia tofauti. Programu yake iitwayo MuZero ilikuwa imejipatia sifa kwa kujifunza michezo ya sataranji, Go na shogi bila kufundishwa sheria zake. Mnamo Februari 2022, kampuni hiyo ilitangaza kwamba MuZero ilikuwa imepewa kazi katika ubanaji wa video za YouTube kwa kiwango cha VP9. Kazi hiyo ni ya kugawa bajeti: kila picha itengewe biti ngapi, ili sehemu ngumu zisikose na sehemu rahisi zisifuje. Kwa wastani, biti zilizohitajika zilipungua kwa asilimia nne. Asilimia nne yaonekana kuwa ndogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, hasa katika mtandao unaotazamwa na watu zaidi ya bilioni moja.

Hata upimaji wa ubora wenyewe umekabidhiwa mashine zilizofunzwa. Netflix ilitoa mwaka wa 2016 kipimo kiitwacho VMAF, kilichofunzwa kutokana na alama ambazo watu walizipa video walizotazama. Kipimo hicho hutabiri jinsi jicho la binadamu litakavyoiona video, na hivyo kampuni inaweza kulinganisha njia za kubana bila kuwakusanya watazamaji kila mara.

Nani apewe ufundi bora?

Hapa ndipo suala hili linapomgusa mwenye bando dogo. Video hubanwa mara chache lakini hutazamwa mara nyingi. Wimbo utakaotazamwa mara milioni mia moja unastahili kubanwa kwa saa nyingi, kwa sababu kila megabaiti inayookolewa itaokolewa mara milioni mia moja. Video ya mazishi ya kijijini, mafunzo ya kilimo kwa lugha yenye wazungumzaji wachache, au mahubiri yatakayotazamwa na watu mia mbili haina bahati hiyo. Kwa mizani ya kampuni, umeme na mitambo ya kuibana kwa makini hugharimu kuliko faida yake.

Facebook ilieleza jambo hili bayana mwaka wa 2021. Kwa mujibu wa maelezo yake, sehemu ndogo ya video ndiyo huvuna muda mwingi wa kutazamwa. Kwa hivyo mfumo wake hutabiri ni video zipi zitakazotazamwa sana, na hizo ndizo hupangwa mbele katika foleni ya kubanwa kwa viwango vya kisasa. Nyingine husubiri, au hubaki na njia za zamani zilizo nzito.

Matokeo yake ni kinaya. Mtu anayetazama kile kinachotazamwa na dunia nzima hutumia data kidogo kwa kila dakika, ilhali anayetazama habari za kwao kwa lugha ya kwao huenda akatumia zaidi.

Hesabu ndogo yaonyesha uzito wa jambo hili. Video ya dakika kumi inayotiririka kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde hutumia megabaiti 75. Kiwango bora kikiipunguza kwa theluthi moja, itatumia megabaiti 50. Kwa megabaiti 1,000, wa kwanza atatazama video 13 na wa pili atatazama 20.

Iwapo kazi ya kubana itapungua kwa nusu kutokana na ujifunzaji wa mashine, mstari unaozitenga video zinazostahili na zisizostahili utashuka. Ile asilimia mbili ya uzito unaoongezeka, ambayo ni hasara kubwa kwa wimbo wa watazamaji milioni mia moja, si kitu kwa video ya watazamaji mia mbili ambayo bila hivyo ingeachwa katika njia ya zamani. Kwa maneno mengine, njia ya mkato iliyofunzwa vyema ina manufaa zaidi kwa video ndogo. Vivyo hivyo kwa matangazo ya moja kwa moja, ambapo mchezo wa kandanda hauwezi kusimamishwa ili programu imalize hesabu zake.

Mipaka ya matumaini

Hata hivyo, si busara kushangilia mapema. Mashine hujua kile ilichoonyeshwa. Mtandao uliofunzwa kwa picha safi za kamera ghali waweza kubabaika ukikutana na video iliyopigwa usiku kwa simu ya bei nafuu, yenye chenga na mtikisiko. Mvua, majani yanayopeperushwa na umati unaoruka uwanjani ni mitihani hata kwa programu za kawaida. Ikiwa video za aina hiyo hazimo katika hazina ya mafunzo, wanaozituma ndio watakaopata utabiri duni.

Kikwazo kingine kiko mkononi mwa mtazamaji. Simu nyingi za bei ya chini hazina sehemu maalumu ya kukunjua AV1. Kazi hiyo inapofanywa na programu ya kawaida, betri huisha upesi. Kampuni ikituma video katika kiwango kipya kwa simu isiyokiweza, kilichookolewa katika bando kitapotea katika umeme.

Mwisho kabisa, kuna uamuzi wa kampuni zenyewe. Nusu ya muda iliyookolewa yaweza kutumiwa kuzibana vizuri video ndogo zilizokuwa zikiachwa nyuma. Yaweza pia kugeuzwa kuwa faida, au kutumiwa kuzidisha ubora wa zile zile zinazopendwa. Ujifunzaji wa mashine hupunguza gharama ya kutenda haki hiyo, lakini mashine haiamui nani atendewe.

Hadi hapo, njia iliyobaki mikononi mwa mtumiaji wa simu ni ile ya zamani: kufungua mipangilio ya video na kujishushia ubora mwenyewe kabla ujumbe wa data kuisha haujaingia.